Jina la Mama Mkwe

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, fundi cherehani mmoja mwenye umri wa miaka thelathini na minne aliulizwa na afisa wa misaada jina la binti yake, naye akanyamaza. Akaulizwa jina la mama mkwe wake. Akanyamaza tena. Afisa akaandika kwenye fomu: "Hajui. Anatazama mlangoni."

Kweli alitazama mlangoni. Alikuwa anamtafuta mtu wa kuyataja kwa niaba yake. Kwao, mke hatamki jina la mama wa mumewe, awe mbele yake au nyuma yake, wala la yeyote aliyerithi jina hilo. Na binti wa kwanza hurithi jina la bibi yake mzaa baba. Ndiyo maana yeye humwita mtoto wake wa miaka minane Kifungo, na mama mkwe humwita Mama. Makarani wa huko alikotoka walilijua hilo. Mwanamke akinyamaza dirishani, karani humgeukia jirani yeyote aliye nyuma yake kwenye foleni, jina likatajwa, kazi ikaendelea. Hapa nyuma yake alikuwapo mlinzi peke yake, na mkalimani alikuwa kijana wa mjini aliyekuwa akitazama saa.

Miezi miwili kabla, walipoingia nchini, mama mkwe, bibi wa Kifungo, ndiye aliyejibu maswali yote kwa niaba ya watatu. Mume walikuwa wamepoteana naye njiani, na hadi leo hajulikani alipo. Wakaandikishwa kama kaya moja. Wakapewa chumba ghorofa ya pili katika hosteli ya wageni, kadi ya chakula inayojazwa kila mwezi, nafasi ya Kifungo shuleni, na dawa za presha za bibi katika zahanati ya jirani. Fundi mwenyewe aliahidiwa cherehani akimaliza masomo ya lugha. Mahojiano haya yalikuwa ya uhakiki tu, kila mtu mzima peke yake. Alikwenda amevaa gauni lake zuri.

Barua ilikuja Alhamisi. Aliyeisoma ni kinyozi wa chumba cha pili, mkimbizi aliyewatangulia kwa mwaka mmoja na sasa anajiona mwenyeji. Aliisoma amesimama koridoni, kitana kimechomekwa nyuma ya sikio. Kadi imesimamishwa. Mahojiano ya pili ni Jumanne. Uhusiano usipothibitika, mtoto atapelekwa kituo cha watoto wakati uchunguzi ukiendelea, na bibi atahamishiwa makao ya wazee wasio na ndugu.

"Shemeji, uliwaambia nini hawa watu?"

"Sikuwaambia kitu."

"Basi ndilo kosa lenyewe. Hapa tumbo halizai, karatasi ndiyo inazaa." Alitaka kucheka, akauona uso wake, akaikunja barua taratibu. "Ila sikufichi. Wale wa chumba cha kumi na moja walianza hivihivi."

"Wakaishia wapi?"

Kinyozi alikitoa kitana sikioni, akaanza kukifuta kwa shati.

Tangu hapo fundi hakuwa na raha. Kila gari lililosimama mbele ya hosteli alilichungulia dirishani kabla injini haijazimwa. Ijumaa alimpeleka Kifungo shuleni, na badala ya kurudi akabaki ameegemea ukuta wa nje hadi kengele ya kutoka, mtoto asije akachukuliwa hukohuko. Jumamosi aliingia chumba cha kufulia, akafungulia bomba mpaka mwisho ili asisikike, akajaribu. Silabi ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikataa, na mikono ikaanza kumtetemeka. Kwao husemwa kwamba mke atamkaye jina hilo mikono yake haitatulia tena. Na fundi asiye na mikono ni fundi wa nini? Alifunga bomba. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Wake ulikuwa nao.

Jumapili mchana bibi alikuwa kitandani, akipanga juu ya shuka vidonge vilivyobaki. Alisema bila kuinua macho:

"Kinyozi wako ana mdomo. Ameniambia."

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini, na hujalitaja? Jumanne utalitaja."

"Mama, siwezi."

"Utaweza. Mimi sitakuwapo mle ndani. Nisichokisikia hakijanigusa." Akasukuma kidonge kimoja mahali pake. "Ila usilizoee."

Jumanne afisa alikuwa yuleyule. Mkalimani alikuwa mwingine, mama wa makamo aliyeinamisha kichwa kidogo aliposikia kisa, kama mtu anayekijua. Fundi alieleza yote. Afisa hakumkatiza.

"Nimekuelewa, dada," alisema mwishoni. "Lakini fomu haina pa kuandika hayo. Inataka jina, litoke kinywani mwako. Na useme kwa sauti, tunarekodi."

Juu ya meza palikuwa na kifaa cheusi, taa yake nyekundu ikiwaka. Fundi alikuwa amejiandaa kwa masikio ya watu wawili, na watu husahau. Kile kisingesahau. Kingebaki na sauti yake ikilitaja jina hilo, na yeyote angeweza kuisikiliza, siku yoyote. Aliikalia mikono yake kama mtoto darasani. Akalitaja.

"Halikusikika. Rudia."

Akarudia.

"Na la mtoto?"

"Ni hilohilo."

"Litaje."

Akalitaja mara ya tatu.

Nje, bibi alikuwa amekaa kwenye benchi na Kifungo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

Bibi alisogea hadi pembeni kabisa ya benchi, akamweka mtoto katikati yao. Fundi alijaribu kufunga zipu ya mkoba wake. Ikamshinda mara mbili, akauacha wazi.

Uamuzi utatolewa Ijumaa, tarehe 24, saa nane mchana, dirisha namba sita. Karatasi waliyopewa inawaagiza wafike wote watatu, na mtoto aje na nguo za siku tatu, endapo zitahitajika. Watakwenda.