Kabichi Kwanza, Kura Baadaye

Tatu alikaa kwenye benchi la mawakala tangu kituo cha kura kilipofunguliwa. Foleni yote ilikuwa ya watu wa ng'ambo hii ya msitu. Wa kijijini kwao, Kwehoza, hakuonekana hata mmoja.

Na yeye ndiye aliyewaponza. Waliochora upya mipaka ya majimbo waliikata Kwehoza kutoka kwa majirani zake wa bondeni, waliodai nao zahanati miaka yote, wakaibandika kwenye jimbo la ng'ambo ya msitu, na kituo cha kura kikawa huko. Sasa madai yale yalikuwa na watu wachache huku na wachache kule. Ili mgombea wao, mwalimu Hezekia, apate ubunge, ilibidi Kwehoza nzima ivuke msitu ikapige kura. Mpinzani wake alishasema wazi kwamba zahanati ataijenga kwao, huko ng'ambo.

Lakini lori la kabichi nalo lilikuwa linakuja siku hiyo hiyo, na Mshambaa gani ataacha kabichi zake barabarani? Wanawake, ambao ndio waliobaki kijijini wanaume wengi wakiwa vibaruani mbali, walipomwomba ushauri, Tatu, kwa kujiamini kwake kule, aliwajibu, "Pakieni kwanza. Kabichi inaoza, kura haiozi."

Mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ile ikilowa ni sabuni tupu. Lori limekwama wapi, Mungu ndiye ajuaye. Aliwaona kama yuko nao, wamekalia magunia, wanaambiana litafika sasa hivi. Simu haziruhusiwi kituoni, na wakala akiondoka nani atalinda kura? Alikuwa na hofu, tena hofu hasa. Binti yake Yusra alikuwa na mimba ya miezi minane, na mkamwana wake alishafia njiani wakimpeleka hospitali ya mjini kujifungua.

Saa kumi jioni askari akasimama nyuma ya mtu wa mwisho, foleni ikafungwa. Ndipo wanawake wa Kwehoza walipotokea msituni wakihema, matope hadi magotini. Wakarudishwa.

Kesho yake matokeo yalitangazwa. Hezekia alishindwa, na pengo lilikuwa dogo kuliko idadi ya wanawake wale.

Yusra alimuuliza mama yake kama wameshinda. Tatu alijifunga kanga, akaenda nyumba kwa nyumba kuulizia wanaume watakaokuwepo mwezi ujao, wenye mabega ya kubeba machela.