Hina Mikononi, Mpira Hewani

Ndugu mwenye ukurasa, jina langu lifiche. Mtaa sikufichi, maana Kikwajuni tuko wengi, na wenye maneno yao watajaza wenyewe.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili na kazi yangu ni mpira wa wavu. Najua wapo watakaocheka, lakini ndivyo ilivyo. Kwa mpira nimepata ajira ya ofisini: asubuhi napiga taipu, alasiri niko uwanjani, na siku nikiacha timu kiti changu atakikalia mchezaji mwengine. Ndiyo kazi inayomlisha mama yangu, mjane. Mchezoni mimi ndiye ninayewainulia wenzangu mpira ili waupige, na bila ya kujisifu, kisiwani hapa sijamwona wa kunishinda.

Mchumba wangu nitamwita Hamadi. Alinipendea uwanjani. Alikuwa akisimama nyuma ya kamba, kanzu imepigwa pasi, anapiga makofi mpaka wenzake wanamcheka. Alipoleta posa nilimwambia mpira siuachi, naye akakubali mbele ya mama yangu. Mama yake hakupendezwa, ila alinyamaza.

Harusi ikapangwa, nikawekwa ndani kama ilivyo desturi yetu. Nasingwa mwili kwa manukato, nafukizwa udi, sionwi na mtu ila mama na somo wangu, bibi aliyenifunda. Mechi ya kuchagua timu ya kwenda Bara ilikuwa iishe kabla sijaingia ndani, lakini mvua iliivuruga, ikasogezwa, ikaangukia siku ya pili baada ya kutiwa hina. Nililia mpaka macho yakavimba. Hamadi akapata habari, akaja kwenye dirisha la uani.

"Nenda kacheze," akaniambia. "Vaa buibui njiani, nani atakujua? Mama akisema lolote, mie ntasimama."

"Na hina hii?"

"Watu watatazama mpira, hawatatazama hina."

Somo wangu alishika kichwa. "Mwanangu, bi harusi haonekani! Unataka kunivua nguo mbele ya mji mzima?" Lakini ananipenda. Akageukia ukutani, nami nikapita.

Ujinga wetu ulikuwa hapo. Mchezaji mwengine pengine angeweza kuficha mikono. Mimi kazi yangu ni kuinyanyua juu ya kichwa. Mpira wa kwanza tu nilioupandisha, wanawake waliokaa juu ya matofali ya majengo mapya ya Michenzani wakaitazama mikono yangu. Kisha mmoja akapaza sauti: "Yarabi! Hina mbichi ile! Bi harusi yule!" Nikatazama nyuma ya kamba. Hamadi alikuwepo, anapiga makofi. Basi nikacheza, na sijapata kucheza vile maishani mwangu. Tulishinda, na mwalimu wetu wa mpira alipowataja waliochaguliwa, jina langu lilikuwa la kwanza.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta mama yake Hamadi ameketi ukumbini kwetu, mwanawe amesimama pembeni yake. "Shikamoo, mama," nikamwamkia. Hakuitikia. Akamgeukia mwanawe: "Wewe ulikuwa na habari?"

Nikamtazama Hamadi. Viganja vyake vilikuwa bado vyekundu kwa makofi.

"Sina habari, mama," akasema. "Hata mie kanihadaa."

Niliumia, jamani. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango.

Harusi haikuvunjwa, imeahirishwa. Sharti la mama yake ni hili: niende mbele ya shangazi zake, nishike Msahafu, niape kwamba nilitoka kwa shauri langu mwenyewe, na kwamba mpira siugusi tena. Amenipa mpaka mwezi uandame. Hamadi naye amerudi dirishani.

"Apa tu, nistiri. Mie ndiye mtoto wake pekee. Tukishaoana ntamlainisha, utacheza."

"Niape uongo juu ya Msahafu, Hamadi?"

"Mungu anaujua moyo wako."

Mama yangu anasema nimeze, maana aliyeachwa na hina mkononi nani atamposa tena? Somo wangu hasemi nami. Mwalimu anataka jibu, timu inaondoka kwa meli siku hizo hizo. Na linaloniuma zaidi ni kwamba bado nampenda. Nikifumba macho namwona nyuma ya kamba.

Nikisema kweli, namwaibisha mbele ya mama yake na ndoa imekwisha. Nikiapa, nitaolewa, lakini sijui nitakuwa nimeolewa na yule aliyekuwa akinipigia makofi au na yule wa ukumbini. Hina imeshafifia, imebaki kwenye kucha tu, na mwezi umekaribia. Ndugu zangu mnaosoma, na hasa nyinyi mama zangu mlioolewa, nipeni neno kabla haujaandama: niushike Msahafu, au nishike njia ya bandarini?