Niliyoandika Maktabani Yalifika kwa Mshenga

Admin, nisitiri. Jina langu usiweke na chuo usikitaje, sema tu ni Mbeya. Nina miaka ishirini na nne, niko mwaka wa tatu, nimepanga Ilomba, kwetu ni Kalenga, Iringa. Wa darasani mtakaonijua humu naomba mnyamaze, nimeshasemwa vya kutosha.

Nilikuwa na mchumba, mwalimu wa sekondari. Mwaka jana alipata ajali ya pikipiki, akaumia kichwa. Alipona, lakini miezi michache baadaye tukiwa kwangu tunakula alidondoka, akatetemeka, povu likamtoka. Alipozinduka akanishika mkono: "Usimwambie mtu, hasa nyumbani kwetu. Mama unamjua." Nikamwahidi. Nilimpenda, na sijamaliza kumpenda, ndiyo maana nina hasira hivi.

Simu yangu ilikuwa kwa fundi, nikaenda kwenye kompyuta za maktaba, nikaingia kwa namba yangu ya usajili. Nikaandika: mtu akianguka kifafa afanyiwe nini. Nikaandika: kifafa kinarithiwa na watoto? Nikaandika na hili: mchumba wangu anaanguka tangu ajali ya pikipiki. Kompyuta zile zinafuatiliwa, kila unachoandika kinaonekana ofisini kwa wanaozisimamia pamoja na namba yako. Mwaka wa kwanza tulisaini karatasi, tukaambiwa ni kwa ajili ya wanaobeti na wanaoangalia uchafu. Nikajiona hainihusu. Na kwenye ofisi hiyo anafanya kazi dada yake mchumba wangu, wifi yangu kabisa, tuliyekuwa tunakunywa chai pamoja kantini.

Posa ilishapokelewa. Mwezi uliopita, nikiwa likizo nyumbani, mshenga akafika peke yake. Chakula alikataa. Akamwambia baba, "Mzee, wenzetu wamerudi nyuma. Wanasema huku kwenu kuna kifafa mmewaficha. Binti mwenyewe amekuwa akiuliza kama kinarithiwa na watoto."

Mama akanigeukia. "Mwanangu, kwetu sisi nani anaanguka?"

Akili yangu ilikuwa bado kwenye lile swali la kurithiwa. Maneno yale sikuwahi kumwambia binadamu yeyote, hata mchumba wangu. Niliyaandika kwenye ile kompyuta tu.

Kuchunguza ukoo kabla ya ndoa ni mila, siikatai. Zamani walituma mtu akaulize majirani, angalau majirani wangesema ukweli. Huyu dada alikaa kwenye kiti cha chuo akanichungulia, akachukua mstari uliomfaa. Ule wa tatu ulikuwa chini yake palepale. Alijua mgonjwa ni mdogo wake.

Nilimpigia. Hata hakubisha. "Ulitaka nifanye nini? Yule ni damu yangu. Wewe utapata mwingine."

Nikampigia mchumba, akalia. "Vumilia, yatapoa. Umesikia mama anavyowasema watu wa kuanguka. Nikijitaja nimekwisha." Kumbe alikuwepo kwenye kikao cha familia yao, akasikia ukoo wangu unapakwa ugonjwa wake, akainamisha kichwa. Sasa nasikia wanamtafutia mwingine.

Huku nyumbani mama ameacha kwenda kwaya. Baba kila siku ananiuliza nilikuwa namuulizia nani, nami nanyamaza kwa sababu niliahidi. Mdogo wangu wa kike alikuwa na mtu wake, kwao Idodi, wanaelewana vizuri. Wiki iliyopita wamesema posa isubiri kwanza. Hajanilaumu. Ameniuliza tu, "Dada, ni kweli tunacho?"

Nimeandika barua ya malalamiko kwa chuo. Naomba kumbukumbu za ile siku zitolewe, zisomwe mbele ya pande zote mbili, mistari yote mitatu. Zikisomwa, wifi kazi hana, na yule mwanaume siri yake itajulikana hadi shuleni anakofundisha. Sikupenda iwe hivi. Ugonjwa si kosa lake, kosa lake ni kukaa kimya.

Barua iko kwenye begi, Jumatatu narudi Mbeya. Nikiipeleka nitakuwa nimevunja ahadi kwa mgonjwa. Nikiichana, mdogo wangu atabeba ugonjwa wa mtu ambaye sasa hata shemeji yake hatakuwa.

Nishaurini, nifanye nini? Na wa kuniambia nimwachie Mungu, tafadhali, kwanza mjibuni mdogo wangu lile swali lake.