Pole Zilizojaza Sanduku la Barua

Asubuhi ile nilitoka Mikocheni na begi moja, sijui niendako. Haikuwa mara ya kwanza. Tangu nilipoacha shule kidato cha pili nimeishi hivyo, nalala mahali mpaka panichoshe au wenyewe wanichoke. Safari hii nilikuwa nimefukuzwa, tena kwa sababu ya barua pepe, na kwa hasira nilipita vituo kadhaa kwa miguu kabla sijakumbuka kwamba kuna magari.

Aliyenifukuza alikuwa na karakana ya friji na viyoyozi. Nilimfanyia kazi na kulala kwenye chumba chake cha uani. Yeye ndiye aliyeanzisha kundi letu la barua pepe, mafundi wa friji wa mji mzima, enzi ambazo mtu alikwenda intaneti kafe kusoma barua zake. Uliandika swali kwenye anwani moja, likamfikia kila mtu. Kazi niliijulia humo. Niliuliza kila kitu: kwa nini kompresa inanguruma halafu inanyamaza, kwa nini barafu inashika upande mmoja, hata kwa nini gesi ikibanwa inapata joto, swali ambalo shuleni lilinifanya nichapwe. Daima alipatikana mtu wa kujibu, awe juu ya paa la hoteli Mbezi Beach au kwenye kibanda chake Temeke. Baadaye yakaja magrupu ya simu, lakini humo michoro ya nyaya ilizama kati ya vichekesho na mahubiri, sie tukabaki na barua zetu.

Kundi lilikuwa na tabia moja iliyomkera mwanzilishi wake. Mtu akifiwa, kila mmoja alijibu kwa wote. Pole sana braza. Poleni wafiwa. Mwingine anaanza kwa shikamoo kwa wakubwa, wakubwa wanaitikia marahaba, na kila marahaba inaingia kwenye sanduku la kila mtu. Mimi nilizipenda. Yeye aliziita takataka. Siku moja akatangaza kwamba barua amezifunga, amefungua jukwaa kwenye mtandao, lina paswedi, lina vyumba: Kompresa, Gesi, Vipuri na, chini kabisa, Mengineyo. Msimamizi alikuwa yeye. Huko aliweza kuhamisha mada ya mtu, kuifunga, kuifuta. Alifurahia kufuta kama wengine wanavyofurahia kula.

Sikatai, jukwaa lilikuwa nadhifu, na swali la zamani ulilipata haraka. Lakini barua hukufuata ulipo. Jukwaa linataka wewe ulifuate, na fundi mwenye mikono ya grisi hafuati kitu. Watu wakapungua. Nilipomwambia, alisema waliobaki ndio wenye akili.

Kati yetu alikuwepo fundi mmoja wa Chang'ombe, mtu wa pwani, mcheshi wa kundi. Ndugu wa mkewe hawakumpenda. Walimwambia usoni kwamba ni mwokota friji mbovu asiye na watu. Naye alikuwa akiwajibu, "Siku nikipata shida mtawaona watu wangu." Watu wenyewe ni sisi, ambao wengi hatukuwahi kumwona uso.

Mkewe akafariki. Aliandika jukwaani kwamba maziko ni kesho baada ya sala ya adhuhuri. Msimamizi akaihamishia Mengineyo. Nilipofungua jioni, namba ya pembeni ilionyesha watu watatu wameisoma. Aliyejibu hakuna.

Nilimkuta msimamizi barazani anakunywa chai.

"Mzee, fungua barua kwa leo tu. Watu hawajui."

"Tanzia zina mahali pake. Nimeiweka."

"Umeiweka Mengineyo. Nani anashukaga huko?"

"Anayejali atashuka."

"Kesho wakwe zake watamcheka kaburini."

"Hayo ni ya kwake na wakwe zake. Nikifungua leo, kesho mtu atatangaza kipaimara cha mwanawe." Akapuliza chai. "Kwani wewe uliishia darasa la ngapi, mpaka unifundishe kuendesha mtandao?"

"La kutosha kuhesabu waliosoma. Watatu, na mmoja wao ni wewe."

Nikaingia chumbani. Barua za zamani zilikuwa zote kwenye simu yangu. Zilishanifikia, asingeweza kuzifuta. Nikaokota anwani ya kila aliyewahi kuandika, nikawaandikia wote: mwenzetu wa Chang'ombe kafiwa na mkewe, maziko kesho, mwenye nafasi aje.

Walikuja. Walikuja na magari ya kazi, mitungi ya gesi nyuma, wengine na ovaroli zao. Wakristo walisimama nje ya msikiti mpaka sala ikaisha, kisha wakapokezana jeneza na wenzao. Nilikuwa karibu wakati shemeji mkubwa wa mfiwa alipomuuliza kwa sauti ya chini, "Hawa wote ni akina nani?"

"Wangu," akasema.

Walioshindwa kuja walituma pole, bila shaka kwa kujibu wote, na anwani ya mwenye karakana ilikuwemo. Asubuhi iliyofuata nilimkuta mlangoni kwangu na simu mkononi.

"Shikamoo."

Hakuitikia. Mtu asipoitikia shikamoo yako, yanayofuata unayajua.

"Tangu jana simu inalia pole, pole, pole. Mimi nimefiwa?"

"Hapana, mzee. Ungefiwa ungekuwa Mengineyo."

"Chukua kilicho chako uondoke."

Kabla sijafunga begi, jukwaa nalo likanigomea. Paswedi yangu haikufungua tena. Huyo ndiye mtu aliyekataa kufungua barua kwa siku moja ya msiba.

Gari nililolipanda mwishowe lilinishusha Yombo, ambako sikuwa na mtu. Niliuliza chumba duka hadi duka, mpaka nikaelekezwa kwa mama mmoja anayepangisha vyumba vya uani. Alinikagua kuanzia viatu.

"Hapa mpangaji halali bila kuacha namba ya mtu. Ukinifia humu, nimpigie nani?"

Namba niliyokuwa nikiiacha miaka yote ilikuwa ya mwenye karakana. Nikamtajia ya fundi wa Chang'ombe. Mama akapiga palepale, akaweka sauti ya spika.

"Kuna kijana hapa, fundi friji katoka Mikocheni, anasema wewe ni mtu wake."

Sauti ya upande wa pili ilikuwa imekauka kwa kulia. "Ni wangu huyo. Mpe chumba, mama. Ila friji lako asiliguse."

"Friji langu lina nini?"

"Bado halina kitu. Ndiyo maana nasema asiliguse."

Mama akacheka, akaufungua mlango wa mwisho. Kulikuwa na kitanda cha chuma na dirisha lisilofunga. Nikaingiza begi, hasira yangu ikiwa vilevile.