Pangaboi la Mama Zuhura

Mimi ni fundi umeme hapa Mpanda, na aibu hii naisema mwenyewe kabla watu wa Majengo hawajaitia chumvi.

Mama Zuhura, muuza vitenge, alitaka pangaboi lake la zamani liwashwe kwa simu, ili mume wake mwenye miguu mibovu asihangaike kuinuka. Nikafunga kifaa, nikalijaribu kwa simu yangu, kisha nikamuunganishia mzee kwenye simu yake. Kwangu nilishafunga kama hicho. Kila saa saba, kabla ya kwenda kula, nawasha pangaboi la nyumbani nikiwa kazini. Siku hizo nikawa nikifika nakuta limezimwa, namlaumu mke wangu kwa ubahili.

Wiki ile Mama Zuhura akanipigia. Pangaboi linajiwasha lenyewe kila mchana, na mzee amehamia barazani kwa hofu.

Nilibadilisha kapasita, halikuacha. Nikasingizia umeme wa mtaani. Mwisho nikamwambia, "Mama, hili limezeeka, nunua jipya."

"Lilikuwa zima mpaka ulipoligusa, fundi."

Hayo yalinichoma, tena mbele ya majirani. Nikatoa simu. "Langu ni la zamani kuliko hili, na linanitii. Naliwasha sasa hivi nikiwa hapa hapa."

Nikabonyeza. Juu ya vichwa vyetu pangaboi likaanza kuzunguka. Nikaangalia simu vizuri: mapangaboi yalikuwa mawili, na yote nimeyapa jina la Sebuleni.

"Fundi," Mama Zuhura akasema taratibu, "hebu lizime hilo la nyumbani kwako."

Nikabonyeza. Likasimama.