Kofi Linalochelewa

Wimbo wa R&B wa kaka yangu umevuma; hakuna harusi ya Waafrika hapa Sydney usipopigwa. Wanachopenda zaidi ni kofi moja la kiitikio linalochelewa. Wachezaji wote husimama, hulingoja, kisha hulipiga pamoja na kuangua kicheko. Mimi hutoka nje.

Mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, mama yetu alizikwa nyumbani, nasi tukatazama kwenye simu, sebuleni kwetu Minto, kitongoji cha hapa Sydney. Tuliimba pambio lake tukipiga makofi, na kaka akarekodi. Baadaye akayaongezea kasi, akayatilia ngoma. Nilimwomba angalau alitoe lile kofi. Akakataa, eti ndilo lenye ladha.

Ladha gani? Kofi lile ni langu. Lilichelewa kwa sababu nilikuwa nafuta machozi.