Babu Ndani ya Mtego wa Taa

Nilipokuwa mtoto nilikuwa karani. Msinicheke. Kabla sijajua kusonga ugali usio na mabonge, nilikuwa na daftari na kalamu ya wino, na kazi yangu ilikuwa kuandika nondo.

Wadachi ndio walikuwa wakitutawala, na kwetu Kyela, mwendo mfupi kutoka ziwani, alikaa mmisionari mmoja mwenye ndevu nyekundu. Jina lake lilitushinda, tukamwita Bwana Nondo. Bustanini kwake aliweka sanduku la mbao, juu yake taa ya chemli, ndani yake kibuyu cha ndizi mbivu zilizopondwa na kuchanganywa na pombe ya ulezi. Nondo waliofuata mwanga waliingia kwa upenyo mwembamba, wakashindwa kutoka. Alfajiri mama yangu aliwatoa mmoja mmoja. Mama alikuwa Mkisi, wa kabila la wafinyanzi wa vyungu, na vidole vyake vilikuwa vyepesi hata akamshika nondo bila kumpukutisha unga wa mabawa. Yeye alitoa, Bwana Nondo alikagua, mimi niliandika: mwezi, upepo, mvua, rangi, wangapi.

Masika kurasa hazikutosha. Kiangazi, upepo wa Mwera ukivuma kutoka kusini, niliandika "hakuna", "hakuna", "mmoja, amekufa". Siku za kumbikumbi tulikosana kabisa, maana Bwana Nondo alitaka kuwahesabu na sisi tulitaka kuwakaanga. Aliwahi kuniuliza kwa nini kumbikumbi walipungua kati ya sandukuni na mezani. Nikamjibu ni upepo, na midomo yangu bado inameremeta mafuta.

Bibi yangu, mama yake baba, hakuipenda taa ile hata chembe. Kwa imani yake, nondo mkubwa anayeingia nyumbani si mdudu. Ni marehemu amekuja kuwajulia hali watu wake, na hafukuzwi.

"Mtu anawasha taa usiku kucha na pombe anaweka," alisema, "halafu ashangae wageni wakija? Iko siku taa hiyo itamwita mzee wangu. Pombe haikumpita akiwa hai, itampita sasa?"

Babu alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Alikuwa na jicho moja tu, la pili lilitolewa na pembe la fahali.

Hapa lazima niseme mila yetu, la sivyo hamtanielewa. Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake. Jina lake halitaji. Akikutana naye njiani anajitupa pembeni, migombani, anajifunika kaniki kichwani mpaka mzee apite. Miaka minane mama aliishi ua mmoja na babu asiujue uso wake. Na mlinzi mkuu wa mila hiyo alikuwa Bibi. Kila alipogombana na mama, nao waligombana kila siku ya Mungu, alimaliza kwa maneno yale yale: "Mke atakayemtazama mkwewe usoni, siku hiyo hiyo arudi kwao. Watoto wabaki hapa." Bibi hata jina hakumwita mama yangu, alimwita "yule Mkisi".

Basi mvua ya kwanza ikanyesha, na kesho yake alfajiri tukafungua sanduku. Mama akaingiza mkono, akatoa kitu kikubwa kama kiganja, cha kahawia kama kaniki kuukuu, kilichokuwa kimekaa kwenye mdomo wa kibuyu. Nondo wa aina ile ana doa kama jicho kwenye kila bawa la mbele. Huyu la kulia lilikuwa linang'aa. La kushoto lilikuwa limefutika lote. Halafu alikuwa amelewa, anayumba.

Sijui mama alimtambuaje mtu ambaye hakuwahi kumwona. Alipiga ukelele, akamwachia mezani, akajifunika kichwa na kukimbilia migombani huku akigonga kila mgomba ulio njiani. Bwana Nondo akamfunika mlevi wetu kwa bilauri.

"Huyu!" alisema. "Huyu mimi natafuta mwaka mzima! Leo sindano, jioni meli, aende Ulaya!"

Wanawake waliokuwa wakipalilia bustani walikuja mbio. Walimtazama nondo, wakatazamana, na mmoja akaenda kumwita Bibi.

Bibi alifika, akainama hadi pua ikagusa bilauri. Kisha akapiga magoti. "Ugonile," alimwamkia, kama anavyoamkiwa mtu aliyelala salama. Akamkagua tena. "Kumbe bado unakunywa."

Akainuka. "Bwana, mfungue. Huyu ni mume wangu."

Bwana Nondo hakuwa mtu mbaya. Alikuna ndevu. Alimtazama nondo wake wa mwaka mzima kwa uchungu kabisa.

"Mama," alisema, "mimi sichomi sindano mume wa mtu. Sema mbele ya hawa. Ni yeye?"

Bibi alifungua mdomo kujibu, na mwanamke mmoja akamtangulia: "Loo! Basi Mama Subilaga amemshika mkwewe kwa mkono!"

Subilaga ni mimi. Watu wote wakageukia migombani, ambako kaniki ya mama ilionekana ikitetemeka. Nilielewa mara moja. Kama yule ni babu, mama anarudi kwao leo, nami nabaki. Nikaanza kulia, machozi yakadondokea daftari na wino ukatapakaa. Sheria ilikuwa ya Bibi mwenyewe, na unabii wa taa ulikuwa wa Bibi mwenyewe, na vyote viwili vilikuwa vimesikiwa na kijiji kizima.

Bibi alitazama bilauri. Akatazama migombani. Akanitazama mimi na makamasi yangu. 

"Nimekosea," alisema hatimaye. "Macho ya uzee. Huyu ni mdudu."

"Una hakika, Mama?"

"Mume wangu alikuwa mzuri zaidi."

Wanawake waliangua kicheko. Bwana Nondo akaniambia niandike, nikaandika: nondo mkubwa, kahawia, mmoja. Bibi, asiyejua hata herufi moja, akaegemea bega langu.

"Umeandika nini?"

"Nondo mkubwa, Bibi."

"Ongeza kwamba amelewa."

Nikaongeza.

Jioni hiyo mpagazi alilibeba sanduku la nondo wa kwenda Ulaya, yule mlevi akiwamo, hadi ziwani, Bwana Nondo mbele, na Bibi nyuma yao. Alidai anafuata samaki. Mimi nilimshika kaniki, nikamsikia akimuuliza Bwana Nondo, "Huko kwenu kuna baridi?"

"Baridi sana, Mama."

"Basi sanduku likae karibu na moto."

Karibu na ufuo tukakutana na mama anatoka ziwani, kichwani ana bonge la udongo wa vyungu. Alikuwa ameshaambiwa kuwa yule ni mdudu, kesi imekwisha, anakaa. Alipoliona sanduku akatua udongo chini, akaingia migombani, akapiga magoti na kujifunika kaniki mpaka mpagazi akapita.

"We Mama Subilaga," mpagazi akamtania, "unamkwepa nani? Si mdudu?"

"Jua linaniumiza macho," mama akajibu kutoka ndani ya kaniki.

Jua lenyewe halikuwapo, mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi. Bibi alisimama, akaliacha sanduku liende. Akaingia migombani, akamfunua mama kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka wazi wazi, wala hakuyaficha.

"Ndaga, mwanangu," alimshukuru. "Ndaga." Akamtwisha udongo wake, wakarudi nyumbani pamoja. Kesho yake waligombana juu ya chumvi.

Nimezeeka sasa, na jambo hili bado nalitafuna. Bibi alimkana mume wake mbele za watu ili mama yangu abaki, na mama, ambaye uongo ule ndio uliomwokoa, hakukubali mzee asafirishwe bila heshima yake. Kuhusu nondo na marehemu msiniulize, mimi nilikuwa karani tu.

Ila nondo mkubwa akiingia kwangu jioni, wajukuu hukimbilia ufagio, nami nawaambia waurudishe. Nasogeza taa, nainama, namkagua macho. Mpaka leo wote wamekuwa na mawili.